Hata tumbawe lililotamalaki liliweza kutoweka

Mhariri,

Makala yenu kuhusu miamba ya matumbawe niliisoma mpaka mwisho na nikaipenda, ila mlipoandika kwamba spishi iliyoenea kila mahali haina haja ya kuhofiwa, hapo sikubaliani nanyi hata kidogo.

Mfano wangu ni Orbicella nancyi, tumbawe gumu la Karibi. Halipo tena baharini, limebaki visukuku tu, yaani mabaki yaliyogeuka mawe. Barbados ni kisiwa kinachoinuka polepole, na miamba yake ya kale imepanda nchi kavu kama ngazi. Humo utaziona nguzo nyembamba za tumbawe hilo zilizosongamana, zimesimama wima vilevile zilivyokua. Inama utazame juu ya nguzo moja: imejaa vishimo vidogo vya mviringo, na ndani ya kila kishimo vijikuta vyembamba vinaelekea katikati. Kila kishimo kilikuwa makao ya kinyama kimoja.

Nalo halikuwa tumbawe adimu! Kwa mamia ya maelfu ya miaka ndilo lililotamalaki kwenye maji ya kina kifupi. Kwenye mwamba wa Barbados wenye umri wa miaka 82,000 hivi bado lipo. Leo hakuna hata moja lililo hai. John Pandolfi, mwanasayansi aliyelipa jina mwaka 2007, anahusisha kutoweka huko na zama za barafu, maji mengi yalipoganda nchi kavu na bahari iliposhuka hadi mita zipatazo 120 chini ya kiwango cha leo na maji ya kina kifupi yakapungua mno. Jamaa yake wa karibu, Orbicella annularis, alinusurika na kushika nafasi yake. Jamaa huyo naye, mwaka 2014, Marekani ilimwingiza kwenye orodha ya spishi zilizo hatarini.

Sisi wa Pwani tuna sababu ya kulijali jambo hili. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi Kenya na Tanzania, na Mombasa yenyewe imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Mawe ya nyumba zetu yanakatwa humo kila siku, pamoja na visukuku vyake. Naomba mtume mwandishi machimboni, afuatane na mtaalamu wa visukuku, watuandikie ni matumbawe gani yaliyomo kabla kuta za machimbo hayo hazijakatwa zikaisha.

Msomaji wenu,
Mombasa