Kwa mpwa aliyeachiwa albamu ya majahazi ya Matondoni

Mpwa wangu,

Albamu hiyo ya majahazi yakiundwa Matondoni, kijiji chetu cha Lamu, usiibandue picha hata moja kwanza. Najua mkono unawasha. Kurasa zile za gundi na nailoni zinakula picha, ni kweli, lakini mpangilio wake ni ushahidi: mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, umelazwa, kisha hanamu ya mbele na fashini ya nyuma zimesimama, kisha ubavu unapanda. Ukizichanganya, nani atajua taruma hili, mbao ya mbavu, ni la chombo kipi?

Piga picha kila ukurasa mzima, uupe namba. Ndipo ufunue nailoni polepole. Picha iliyonata, pitisha chini yake uzi wa kusafishia meno, uuvute huku na huku kama msumeno. Ikigoma, iache, uiskani papo hapo. Iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiing'oe kabisa, sura itabaki kiooni. Iskani na kioo chake.

Maji mbali. Uso wa picha ni jelatini, ukilowa huvimba na kunata. Vumbi ni la brashi laini. Ukungu, ambao sisi wa pwani hatuukwepi, uache ukauke kabisa kivulini penye upepo, kisha uupanguse nje ukiwa na barakoa. Ukiupangusa mbichi unaupaka tu. Halafu weka picha kwenye bahasha za karatasi, ndani ya kasha lenye mfuniko unaobana na vifuko vya kufyonza unyevu. Vile vya viatu vipya havitoshi, mara nyingi vimeshajaa. Laminesheni ya dukani kataa: moto na plastiki ile havitoki tena.

Skani kwa nukta 600 kwa inchi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 itakupa pikseli kama 2400 kwa 3600. Hifadhi kwa TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora. Nyuma ya picha skani pia, hata pakiwa na neno moja. Negativu zinazonuka siki zitenge leo hii: filamu inaoza, na mvuke wake huozesha jirani.

Maelezo ya nyuma ya picha usiandike kwa kalamu ya wino. Hukwaruza na kuvujia picha ya juu. Tumia penseli laini, na ikiwa karatasi ya picha haishiki penseli, andika kwenye bahasha.

Kisha chapisha nakala za A4 uwapelekee mafundi wazee, maana kwenye simu hawataona kitu. Washa kinasa, taja tarehe, mahali na namba ya picha. Swali la "mnakumbuka nini?" halizai. Weka kidole: tezo hii ya kuchongea ya nani? Mbao hii mti gani? Kalafati ya kuziba nyufa za mbao ilikuwa pamba na mafuta yapi? Shahamu, mafuta ya kupaka chini ya chombo, ilichanganywa na chokaa kiasi gani? Chombo kiliitwaje, nahodha nani? Hapo watabishana wenyewe kwa wenyewe, nawe usikate.

Weka nakala tatu, moja nje ya Lamu. Jamaa watumie WhatsApp kama dokumenti, si kama picha, la sivyo pikseli ulizohangaikia zitabanwa njiani.

Mjomba wako