Msiwafungie watoto mlango wa somo la Kompyuta

Mhariri,

Naomba nafasi nijibu kauli inayozagaa shuleni tangu wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waingie Gredi ya 10 mnamo Januari 2026. Kauli yenyewe ni hii: kuandika programu za kompyuta ni kipaji, mtu huzaliwa nacho au hana kabisa, kwa hivyo shule zisipoteze mashine na wakati kwa wasio nacho. Niliisikia hivi majuzi katika mkutano wa wazazi, upande huu wetu wa Kisauni, kutoka kwa mgeni aliyealikwa kutushauri kuhusu uchaguzi wa masomo. Alipendekeza kila mtoto apewe mtihani mfupi kabla ya kuanza, na atakayeshindwa aelekezwe kwingine mapema. Wazazi wengi waliafiki. Mmoja alinifuata mlangoni akaniuliza, "Mwalimu, basi wangu nimtoe?" Nilimwambia asimtoe, na barua hii ni maelezo ya kwa nini.

Mgeni wetu hakulizua jambo hilo. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Middlesex, London, Saeed Dehnadi na Richard Bornat, walisambaza makala wakidai kwamba wamepata mtihani unaoweza kuwatenga wanafunzi kabla hawajafundishwa lolote. Maswali yake yalikuwa mepesi kuyatazama. Unaambiwa a ni 10 na b ni 20, kisha inafuata amri a = b. Sasa a ni ngapi, na b ni ngapi? Katika lugha nyingi za kompyuta jibu ni kwamba zote mbili sasa ni 20, kwa kuwa amri hiyo inachukua thamani ya b na kuipa a. Lakini mtoto aliyetoka kwenye kipindi cha hesabu ana haki ya kushangaa, maana huko alama ileile husema pande mbili ziko sawa, basi, hakuna kinachohama. Wengine hudhani thamani zimebadilishana. Wengine hudhani a imeongezwa b ikawa 30. Nimeyaona majibu yote hayo katika madaftari ya wanafunzi wangu, na kila moja lina sababu yake ukimkalisha mtoto akueleze.

Makala ile ilienea sana, na walimu wengi waliipokea kwa kuwa iliwathibitishia walichokwisha kuamini. Jaribio hilo liliporudiwa Denmark, halikuonyesha uhusiano uliodaiwa kati ya mtihani na kufaulu. Mwaka 2014 Bornat mwenyewe aliiondoa kauli yake hadharani. Namheshimu kwa hilo. Ila kauli hiyo, miaka yote hii baada ya mwenyewe kuifuta, bado inatembea, na sasa imefika katika mikutano yetu ya wazazi.

Kuna utafiti mwingine ambao natamani kila mwalimu mkuu ausome. Walimu wa vyuo wamekuwa wakisema kwa miaka kwamba alama za somo hili hujigawa makundi mawili, la wanaojua huku juu na la wasiojua kule chini, katikati patupu. Mwaka 2016 Elizabeth Patitsas na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto waliamua kuhesabu badala ya kusimulia. Walichukua alama za mwisho za madarasa 778 ya sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, wakazipima. Yaliyoonyesha dalili ya makundi mawili yalikuwa 5.8% tu. Kisha wakawaonyesha walimu michoro ya alama isiyo wazi na kuwauliza wanaona nini. Walioamini kwamba kuna wanafunzi waliozaliwa na kipaji cha kompyuta ndio walioelekea zaidi kuona makundi mawili mahali ambapo hayapo.

Sitaki nieleweke kwamba somo ni jepesi. Ni gumu, na ugumu wake umepimwa. Mwaka 2001 kundi la watafiti lililoongozwa na Michael McCracken liliwapa wanafunzi 216 wa vyuo vikuu vinne, waliokwisha kusoma masomo ya mwanzo ya programu, kazi ya kuandika programu ndogo. Wastani wa alama ulikuwa chini ya 23 katika 110. Hao ni wanafunzi wa chuo kikuu, katika nchi zenye maabara ambazo sisi tunaziona kwenye picha. Kwa hivyo mtoto wa Kisauni anapokwama, asiambiwe amekwama kwa sababu ni yeye.

Swali lililofuata ndilo lenye faida kwetu: wanakwamia wapi? Mwaka 2004 kundi jingine, likiongozwa na Raymond Lister, liliwapima wanafunzi wa nchi saba, safari hii bila kuwataka waandike chochote. Waliwapa vipande vifupi vya programu wavisome, waseme vikiendeshwa vitatoa nini, au wachague mstari wa kukamilisha kipande kilichopungua. Wengi walishindwa hata hapo. Maana yake tunamtaka mwanafunzi atunge kwa lugha ambayo bado hawezi kuisoma. Hapa Mombasa hakuna asiyejua mtoto anavyofundishwa chuoni, yaani madrasa ya Kurani: huanza na herufi, huunganisha, husoma juzuu mbele ya mwalimu wake na kurekebishwa kila anapoteleza, na hakuna anayemtarajia aandike ukurasa wake mwenyewe wiki ya kwanza. Kwenye kompyuta tunamwonyesha mfano mmoja ubaoni, kisha tunamwambia, haya, andika yako.

Dawa yake imejaribiwa pia. Uingereza, Sue Sentance na wenzake walipanga somo kwa hatua: mwanafunzi apewe programu iliyokwisha kuandikwa, kwanza atabiri itafanya nini, kisha aiendeshe, aichunguze mstari kwa mstari, airekebishe kidogo, na mwisho kabisa ndipo atunge yake. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2019, wanafunzi karibu 500 wa miaka 11 hadi 14 waliofundishwa hivyo walifanya vizuri kuliko wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida. New Zealand nako, mwaka 2006, Dale Parsons na Patricia Haden walieleza zoezi ambalo kwangu limekuwa neema: mistari ya programu sahihi inachanganywa, na kazi ya mwanafunzi ni kuipanga upya. Miaka kadhaa baadaye, huko Marekani, Barbara Ericson na wenzake walionyesha kwamba zoezi hilo huchukua muda mfupi kuliko kuandika programu yote tangu mwanzo, na bado mwanafunzi hujifunza kiasi kilekile.

Mhariri, zoezi hilo halihitaji stima. Mashine zetu hazitoshi, watoto wanne hugombania kibodi moja, na aghalabu anayeishika ni yule aliye na kompyuta nyumbani. Basi mimi huchukua karatasi kuukuu za mitihani, naandika upande mweupe, nakata vipande kwa mkasi na kuvitia bahasha. Msimu wa masika uliopita niliwapa programu ya mvua: soma kipimo cha kila siku mpaka ufikie alama ya kuonyesha kwamba vipimo vimekwisha, kisha toa wastani. Ni swali la zamani katika utafiti huu. Elliot Soloway alilitumia katika Chuo Kikuu cha Yale miaka ya 1980, na limewatoa jasho wanafunzi wengi wa vyuo. Tulivitandaza vipande kwenye viti, nje chini ya mkungu, kwa kuwa ndani palikuwa na giza. Kundi moja liliweka mstari wa kugawanya ndani ya sehemu inayorudiwa, kundi la pili likakataa. "Utagawa kila siku? Si ungoje mvua iishe kwanza!" Aliyesema hayo ni msichana ambaye muhula uliotangulia aliniambia hesabu hazimwingii, na hii nayo haitamwingia.

Walibishana kwa Kiswahili chetu cha Mombasa, ingawa mtihani wataufanya kwa Kiingereza, na mimi sikuwazuia. Ubishi wa namna hiyo una utafiti wake. Katika Chuo Kikuu cha California, San Diego, Leo Porter na wenzake walilinganisha madarasa ya mihadhara ya kawaida na madarasa ambayo mwalimu huuliza swali, kila mmoja hujibu peke yake, hujadiliana na jirani, kisha hujibu tena. Katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2013, waliofeli walishuka kutoka 20% hadi 7%. Mwalimu hakuongezewa mashine. Aliongeza maswali mazuri, akawaachia wanafunzi nafasi ya kusema.

Juu ya wasichana nitasema kwa uzito, kwa kuwa mtihani wa mgeni wetu ungewaondoa wao kwanza. Ndugu zao wa kiume hushinda saiba, hucheza michezo ya kompyuta, huja darasani wakiwa wamekwisha kuizoea mashine. Msichana wa umri huohuo akitoka shule yuko jikoni au analea mdogo wake. Ukiwapa mtihani siku ya kwanza, unapima nani aliruhusiwa kutoka nyumbani. Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, wanawake walioingia kusoma sayansi ya kompyuta mwaka 1995 walikuwa 7%. Jane Margolis na Allan Fisher waliwahoji wanafunzi kwa miaka, chuo kikaacha kuwapendelea waliokuja na uzoefu wa programu, na kikaweka njia za kuanzia kwa wasiojua. Kufikia mwaka 2000 wanawake walikuwa 42%. Vichwa vya wasichana wa Marekani havikubadilika kwa miaka mitano. Kilichobadilika ni mlango.

Serikali ilianza kugawa tabuleti katika shule za msingi mwaka 2016, na mwaka 2022 mtaala wa kufundisha watoto kuandika programu uliidhinishwa. Nashukuru kwa yote mawili. Lakini katika semina ninazohudhuria twafundishwa kuwasha mashine, kuandaa jedwali, na kujaza alama kwenye mfumo. Jinsi mtoto anavyofikiri anapoiona a = b, hilo halimo. Naomba siku moja tu ya semina hizo itengwe kwa kusoma programu, kwa vipande vya karatasi, na kwa maswali ya kujadiliana. Gharama yake ni karatasi na mkasi.

Ombi la pili ni kwa wanazuoni wetu. Tafiti zote nilizozitaja ni za nchi za mbali, kama Uingereza, Kanada, Marekani, New Zealand na Denmark. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, na wanafunzi wao wa ualimu na wa kompyuta hupita kwenye madarasa yetu. Waje wapime hapa. Wachukue alama za somo la Kompyuta za shule za Mombasa, za kutwa na za bweni, waone kama kweli zina makundi mawili. Wajaribu darasa moja kwa Kiingereza kitupu na jingine ambalo watoto wameruhusiwa kujadiliana kwa Kiswahili, watuambie tofauti. Wakishamaliza, matokeo wayaandike pia kwa Kiswahili, ili yule mzazi aliyenifuata mlangoni aweze kuyasoma mwenyewe kabla mwanawe hajabadilishiwa masomo. Darasa langu liko wazi kwao, na bahasha za vipande ninazo.

Mwalimu wa Kompyuta,
Kisauni, Mombasa