Barua kwa Anna

Wete, Pemba

Shoga yangu Anna,

Hujambo? Sisi wazima, ila Mama magoti yanamsumbua tangu masika yaanze.

Swali lako la siku ile barazani kwenu Mkunazini, ulipotoka kanisani, nimesafiri nalo mpaka huku. Uliniuliza kama sisi Waislamu nasi tuna kisa cha mnara wa Babeli, ule watu waliokuwa wakiujenga Mungu akazichanganya lugha zao, nikababaika. Sasa nimesoma, nakujibu vizuri.

Ndani ya Kurani kisa hicho hakimo. Babeli imetajwa mara moja tu, katika sura ya Al-Baqara, kwa habari za malaika wawili, Haruti na Maruti, na hapo yanazungumzwa mambo ya uchawi. Mnara nao upo, lakini ni wa Firauni: alimwamuru msaidizi wake Hamana amchomee udongo, amjengee apate kupanda amwone Mungu wa Musa. Yale ya mfalme Namrudi na watu kupotezana ndimi, ambayo bibi yangu akitusimulia usiku tukichambua karafuu, yamo kwenye vitabu vya tarehe, yaani historia. At-Tabari, mwanahistoria wetu wa zamani, ameyapokea, na kwake lugha zilizotoka pale ni 73.

Kisha nikafungua ile Biblia uliyonipa, Mwanzo 11. Anna, nimeisoma mara tatu. Siku zote nilidhani mnara uliporomoka, kumbe hapakuandikwa hivyo. Waliacha tu kuujenga mji, wakatawanyika. Na pale wanaposema walikuwa na matofali badala ya mawe, na lami badala ya chokaa, nilimkumbuka marehemu baba. Unalikumbuka tanu lake la chokaa kule ufukweni, magogo yamepangwa duara, mawe ya matumbawe juu yake, moshi mweupe unatuingia machoni? Nilihisi aliyeandika anazungumza na watu kama sisi, waliozoea nyumba za mawe, akiwaeleza ujenzi wa ugenini.

Ila nirudi nyuma kidogo, sura ya 10. Pale wanatajwa wana wa Nuhu na vizazi vyao, kila watu kwa lugha yao, na mnara bado haujatajwa. Muulize padri wenu analielezaje hilo, nataka sana kujua. Wasumeri nao, watu wa kale waliokaa Iraki, iliko Babeli, waliandika kwenye vibao vya udongo kwamba mungu wao Enki ndiye wa kubadili usemi vinywani mwa watu. Wasomi wanabishana kama maneno yale yanasimulia yaliyopita au yanabashiri yajayo.

Aya yangu mimi ni hii, Ar-Rum ya 22: katika ishara zake Mwenyezi Mungu ni kuumba mbingu na ardhi, na kutofautiana ndimi zenu na rangi zenu. Ndimi zimewekwa pamoja na mbingu, shoga! Nimeihifadhi tangu chuoni kwa maalimu, lakini mwaka huu ndio imeniingia, na sababu yake sijakwambia.

Mwanangu wa kati alipohamia shule huko mjini, siku ya kwanza upepo ulikuwa mkali, akasimama kwa adabu akauliza, "Mwalimu, nifunge nlango?" Darasa zima likaangua kicheko kwa huo nlango wetu wa Kipemba, na mwalimu naye akacheka. Tangu siku hiyo mtoto akawa hanyanyui mkono. Aliporudi likizo nyanya yake akimsemesha, anamjibu kwa Kiswahili cha redio, polepole, kama anayepima kila neno. Mama akaniuliza, "Huyu ntoto ana nini?" Sikuwa na la kumwambia.

Mwaka 1928 wakubwa wa enzi ya ukoloni walikutana Mombasa, wakakichagua Kiunguja, lahaja ya huko mjini, kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabuni. Sina ugomvi na hilo, nami nakifundisha. Lakini wangeweza kuchagua kingine, na leo wangechekwa watoto wa mjini.

Usiku ule Mama aliponiuliza, nilikaa na mwanangu kitandani, nikamsomea aya, nikamfasiria. Hakusema kitu. Asubuhi nikamsikia jikoni anamwambia nyanya yake, "Bibi, nlango uko wazi, kuku waingia."

Anarudi huko Jumamosi kwa boti. Akipita kwenu mkaribishe, mpe chai, msemeshe sana. Na akisema nlango, nakuomba usimsahihishe.

Nisalimie wote nyumbani.

Shoga yako,
Zuwena