Mawe ya bao ya Hyrax Hill yawekewe njia ya mbao

Mhariri,

Kwenye ufuo wa magharibi wa kisiwa cha Hawaii, wazee wa kale walivusha njia yao juu ya lava yenye meno kwa kupanga mawe laini yaliyosuguliwa na bahari, jiwe baada ya jiwe, kila moja likitosha unyayo mmoja. Mawe hayo bado yanakanyagwa. Ni sehemu ya Ala Kahakai, yaani njia ya kando ya bahari, ambayo Marekani iliitambua kisheria mwaka 2000 na ambayo ina urefu wa kilomita 280 hivi. Sisi tunaotembeza wageni Menengai, kreta ya volkano, na Hyrax Hill, kilima chenye mabaki ya kale, tunaona Nakuru ina mengi ya kuazima kule, kuanzia namna ya kukanyaga lava hadi namna ya kuliacha jiwe la mzee mahali pake.

Lava ina sura mbili kubwa, na wanajiolojia kote duniani huziita kwa majina ya Kihawaii. A'a ni mabonge makavu yenye ncha, hayashikani, na ukilikanyaga moja pembeni linabingirika. Hapo fupisha hatua na utue unyayo wote kwa pamoja. Vaa viatu vya soli ngumu, suruali ndefu na glavu nyembamba za kazi, kwa sababu anayeanguka hutanguliza kiganja, na a'a huchana kiganja vibaya. Pahoehoe ni laini, imejikunja kama uji uliogandia sufuriani, na ndiyo inayodanganya zaidi. Gesi huivimbisha ingali moto, kisha hubaki ganda jembamba juu ya uwazi. Gonga kwa fimbo: ikilia kama mtungi mtupu, zunguka. Ganda likivunjika, kingo zake hukata muundi kama chupa.

Pwani ile ya Hawaii kivuli ni haba na jiwe jeusi hunyonya jua tangu asubuhi. Anza saa kumi na mbili, uwe umemaliza kabla ya saa tano. Ukilazimika kutembea siku nzima, beba lita tatu au nne za maji, kwani vidimbwi vya ufuoni ni vya maji ya chumvichumvi. Mti unaoota sana huko ni kiawe, ndugu wa karibu wa mathenge wetu wa Baringo, na mwiba wake hutoboa ndala. Ukiona jiwe limelowa, jua wimbi hufika hapo. Usisimame juu yake, wala usiipe bahari mgongo.

Ndani ya Menengai lava ilitiririka ikiwa nzito zaidi, kama uji mzito. Ilimeguka mabonge, na mengine yana ngozi ya kioo. Majani na vichaka vimefunika nyufa, kwa hiyo fimbo itangulie mguu. Panapofuka mvuke, udongo unaozunguka tundu huwa umepikwa ukalainika, na mguu unaweza kuzama kwenye joto. Tazameni kwa mbali.

Sasa suala la mawe yenyewe. Hawaii, rundo dogo la mawe linaloitwa ahu huonyesha njia mahali ambapo lava yote inafanana. Mtu akijenga rundo lake kwa ajili ya picha, anayekuja nyuma hulifuata na kupotea. Akichomoa jiwe ukutani ili akamilishe rundo, ukuta uliojengwa bila udongo wala saruji hulegea, kama ambavyo ungelegea ule wa Thimlich Ohinga, boma la kale la mawe kule Migori. Kule Pu'uloa, kisiwani humo humo, kuna michoro zaidi ya 23,000 iliyochongwa kwenye pahoehoe. Mingi ni vishimo vidogo tu, na ndani yake wazazi waliweka kitovu cha mtoto mchanga ili apate maisha marefu. Wageni wamejengewa njia ya mbao, wanatazama bila kukanyaga. Kusugua mchoro kwa karatasi au kuupaka chaki hakuruhusiwi, kwani huula uso wa jiwe.

Kule Honaunau, palipokuwa hifadhi ya waliovunja miiko, lipo jiwe lenye safu za vishimo vya kuchezea konane, mchezo wa kete nyeusi na nyeupe. Mtu wa Nakuru akiliona atakumbuka nyumbani mara moja. Hyrax Hill tuna bao zilizochongwa kwenye mwamba, kwenye kilima ambacho zamani maji ya ziwa yalifika chini yake kabla hayajarudi nyuma. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937 na 1938, akakuta makaburi na makazi ya watu wa zama tofauti. Bao hizo zinaonekana vizuri asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini na kivuli kikiingia katika kila shimo. Saa sita zinafifia, na hapo ndipo mtu hushawishika kuzichokoa kwa kijiti au kuzijaza chaki ili zitoke kwenye picha. Asubiri jua lishuke.

Tunaiomba Makavazi ya Taifa pamoja na kaunti waweke njia ya mbao kuzunguka miamba ya bao. Haihitaji fedha nyingi. Upana uwatoshe watu wawili kupishana, na nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa zisimame kwenye udongo, pasitobolewe mwamba hata mara moja. Mbao ziachiane kidogo ili maji ya mvua yapite badala ya kukusanyika na kumomonyoa ukingo. Upande wa magharibi liachwe jukwaa dogo, mwalimu aweze kusimama na darasa zima bila mtoto yeyote kukanyaga shimo.

Waongozaji wa matembezi,
Nakuru