Risala ya Vijana Wakulima wa Zabibu wa Hombolo kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa kata, wazee wetu na ndugu wakulima. Karibuni Hombolo, na poleni kwa vumbi la njiani.

Mheshimiwa, ulipoingia umeyaona matangi ya mchuzi, yaani juisi ya zabibu, pale uani. Mchuzi ule ni zabibu zilizokosa mnunuzi. Msimu uliopita lori tuliloahidiwa lilichelewa siku tisa, vichala vikanyauka, nyuki wakatutangulia, nasi tukakamua vilivyosalia. Tulipolalamika, mnunuzi alisema hakujua kama zingeiva zote kwa mkupuo. Kusema kweli, hata sisi hatukujua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndipo tukaanza kutazama picha za setilaiti. Setilaiti za Sentinel-2, za Umoja wa Ulaya, hupita juu yetu kila siku 5 hivi, na picha zake ni bure. Jani lenye afya hunywa mwanga mwekundu na kurudisha mwanga mwingine ambao macho yetu hayauoni. Kwa kulinganisha hiyo miwili tunapata kipimo cha ukijani wa shamba. Dodoma hatuna baridi ya kuilaza mizabibu kama Ufaransa. Kwetu ni mkasi unaoianzisha. Shamba likipogolewa, pichani hugeuka rangi ya udongo, nasi tunahesabu takriban miezi minne kuanzia hapo hadi mavuno.

Kazi ni kujua tani. Nukta moja ya picha ni mita 10 kwa 10, na ndani yake mna mizabibu, udongo na magugu. Mavuno ya Machi yanatusumbua kwa mawingu na nyasi. Ya Agosti yana nafuu, kwani nyasi zimekauka. Tena setilaiti huona majani, vichala vimejificha chini, na mzabibu wenye majani mengi waweza kuwa mvivu wa kuzaa. Kwa hiyo tunafunga kamba mita 10 kila upande, tunahesabu vichala, tunapima vichache kwenye mizani. Bibi mmoja alituona akacheka: “Mmepanda hadi mbinguni, mmerudi kuhesabu kwa vidole!” Hakukosea.

Mheshimiwa, tunaomba kompyuta moja yenye nguvu, na watafiti wa zabibu wa kituo cha Makutupora watutembelee. Ombi kubwa ni hili: utusaidie kuketi na wanunuzi kabla ya kupogoa, ili tupogoe kwa zamu kufuatana na malori yao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.