Somo, Usiiweke Brashi Chini

Tanga,
9 Juni

Somo yangu mpendwa Mwanahawa,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto, nikitumaini kwamba barua hii itawakuta nyote katika afya njema. Huku kwetu sote tu wazima, na mama anauliza ni lini utarudi pwani ule naye bada, maana anasema huko Mwanza samaki mnao lakini bada hamuijui.

Ama baada ya salamu, barua yako ilinifikia wiki iliyopita, nikaisoma mara tatu. Umenieleza kwamba picha zako nne zimerudishwa kutoka katika mashindano yale, zikiwa zimeambatanishwa na karatasi ya mistari miwili ambayo haikutaja hata jina lako, na kwamba umeamua kuiweka brashi chini mpaka utakapojua jopo linapenda nini. Kisha mwishoni, kama mtu anayebadili mazungumzo, ukaniuliza iwapo bado ninaendelea na mchezo wangu wa kutupa kazi posta. Mimi naona mambo hayo mawili ni jambo moja, kwa hiyo nitayajibu pamoja, nawe univumilie nikirefusha.

Hiyo unayoiita kutupa, wenyewe tunaiita sanaa ya posta. Mtu hutengeneza kitu kidogo kwa mkono wake, kama vile kadi, bahasha iliyopambwa au kijitabu cha kurasa sita, akaandika anwani, akabandika stempu na kukituma kwa msanii ambaye pengine hatamwona maisha yake yote. Naye aliyepokea hutuma cha kwake. Wakati mwingine mmoja wetu hutoa wito wenye mada, kipimo na siku ya mwisho, na kila kinachofika hutundikwa ukutani. Masharti yake hayakuandikwa na serikali wala chama chochote, lakini ukiyavunja utajulikana mara moja: hakuna ada ya kushiriki, hakuna jopo la kuchagua, kazi hairudishwi kwa aliyeituma, na kila aliyeshiriki hupelekewa kumbukumbu ya maonyesho pamoja na orodha ya wenzake. Mwaka juzi mtu mmoja alinitumia wito ulioomba fedha kidogo "za maandalizi", nami niliuweka kando bila kumjibu.

Anayetajwa zaidi katika chanzo cha jambo hili ni Mmarekani Ray Johnson, aliyezaliwa Detroit mwaka 1927 na kusoma katika chuo cha Black Mountain. Alikuwa fundi wa kubandika, yaani wa kukata vipande vya picha na maandishi na kuviunganisha kuwa kitu kipya, na angeweza kufuata njia ya kawaida ya kuuza katika majumba ya sanaa ya New York. Badala yake, kuanzia miaka ya 1950 alijaza masanduku ya watu barua zenye vichwa vya sungura na vijikaratasi vya ajabu, nyingine zikiwa na agizo la kwamba mpokeaji aongeze kitu chake kisha amrudishie, au ampelekee mtu wa tatu. Mtandao huo wa watu wanaoandikiana ukapewa jina la shule, New York Correspondance School, na jina lenyewe likaandikwa kwa kosa la makusudi, herufi moja ikabadilishwa ili ndani ya neno la kuandikiana barua lisikike neno la kucheza dansi. Sisi tuliolelewa na watu wanaojibizana kwa kanga tunaweza kuuelewa utani wa namna hiyo bila kufundishwa.

Sasa nisikilize hapa. Mwaka 1970 jumba la makumbusho ya sanaa la Whitney huko New York, ambalo si kibanda cha njiani, lilifanya maonyesho ya shule hiyo, na kilichotundikwa ni kile kilicholetwa na tarishi. Johnson aliwaandikia watu wapeleke kazi zao moja kwa moja makumbusho, nazo zilizofika zikawekwa, bila ya mtu kukaa mlangoni na kusema hii ndiyo na hii siyo. Miaka mitatu baadaye aliliandikia gazeti la New York Times kutangaza kwamba shule yake imekufa, kisha akaendelea kutuma barua hadi kifo chake mwaka 1995. Simhesabu kuwa mtakatifu, kwa kuwa alikuwa mtu mgumu ambaye hata rafiki zake hawakumjua vizuri, lakini alilifungua dirisha ambalo halijafungwa tena.

Wala usidhani ni mchezo wa watu walioshiba tu. Uruguay ilipokuwa chini ya utawala wa kijeshi, wasanii Clemente Padín na Jorge Caraballo walikamatwa mwaka 1977 na kufungwa kwa ajili ya kazi zao zilizoupinga utawala huo. Waliokuwa wakibadilishana nao kadi katika nchi nyingi hawakuwa na jeshi wala ubalozi. Walikuwa na anwani. Wakawaandikia wakuu wa Uruguay, wakaandikiana wao kwa wao, wakatengeneza kadi na stempu zenye majina ya wafungwa hao, na Padín aliachiliwa mwaka 1979. Siwezi kukuambia ni barua zilizomtoa. Lakini utawala unaomfunga mtu kimyakimya hupata taabu pale wageni wa mbali wanapoendelea kumtaja.

Nikirudi kwenye meza yangu hapa Tanga, utacheka. Cherehani ile ile ninayoshonea sare za wanafunzi ndiyo inayonitengenezea stempu za kubuni: natoa uzi, naacha sindano tupu, naipitisha karatasi, na matundu yanatoka yamepangana vizuri hata karatasi inachanika kama stempu ya kweli. Stempu hizo hubandikwa pembeni ya zile halali, si badala yake, kwa maana hatukusudii kumwibia mtu nauli. Mihuri naichonga kwa kiwembe kutoka kwenye soli za kandambili kuukuu, ambazo ni laini kuliko ufutio na hazinigharimu kitu. Na vipande vya kanga vinavyobaki, ambavyo zamani nilivitia kwenye mito, sasa nagawanya pindo, mji na jina katika kadi tatu na kuzituma kwa watu watatu tofauti, kila mmoja nikimpa anwani za wenzake wawili, ili akitaka kujua nguo nzima ilikuwaje awatafute. Kanga iliyoandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio" niliigawa hivyo mwaka jana. Aliyepata jina, bibi mmoja wa Poland, aliniuliza kama ni onyo kwa mabaharia. Nikamjibu kwamba ndiyo, kwa namna fulani.

Ni huyo huyo bibi niliyemshonea kadi yenye kifungo cha shati. Dirishani karani akaipima kwa vidole, akasema kifungo kitakwama kwenye mashine, na kwamba nikitaka kipite niilipie kama kifurushi. Tulibishana kidogo, nyuma yangu watu wakianza kuguna, na mwisho nikakikata pale pale kwa meno, nikaiacha kadi iende na nyuzi nne zinazoning'inia. Nilitoka nimenuna. Baada ya wiki saba ilikuja bahasha kutoka Poland, na ndani yake mlikuwa na kifungo cha karatasi, chembamba, chenye matundu manne, kilichochorwa rangi ya lulu, pamoja na maneno kwamba amekiona kinachokosekana na anakirejesha. Hebu niambie, somo, ni jopo gani lingeiangalia kadi yenye nyuzi zisizo na kifungo na kuelewa kwamba inasubiri jibu?

Nisikudanganye, vilevile, kwamba kila kinachokuja ni kizuri. Vingi ni vya haraka na vya kubabaisha: magazeti yaliyokatwa bila jicho, maua makavu yaliyofika unga, mioyo na njiwa wa amani kwa wingi usiomithilika. Pasipo na mchujo ndivyo inavyokuwa. Nimezoea kuvipokea vyote na kuvijibu vyote, kwa sababu hapa thamani haiko katika kadi moja iliyotengwa na kuwekwa kwenye fremu, bali katika kwenda na kurudi. Mjapani On Kawara alituma postikadi mbili kila siku kuanzia 1968 hadi 1979, zikiwa na saa aliyoamka imegongwa kwa muhuri, na ukiitazama mojawapo peke yake utaona ni karatasi ya mtalii tu. Zitazame zikiwa mia, na utaanza kumsikia mtu anapumua.

Ukitaka pa kuanzia palipo rahisi, yuko Ryosuke Cohen wa Osaka, ambaye tangu 1985 anachapisha karatasi anayoiita Brain Cell, yaani chembe ya ubongo. Watu humtumia mihuri, stempu za kubuni na vijipicha, naye huvipanga vyote katika karatasi moja ya A3, huchapa nakala 150, na kila aliyechangia toleo hilo hupata nakala yake pamoja na anwani za wenzake. Nilipoipata ya kwanza niliuona muhuri wangu wa kandambili, kambare mwenye sharubu, umekaa katikati ya alama za watu nisiowajua, na nikakaa nao jioni nzima nikiwasoma mmoja mmoja.

Sikuombi uache kuchora turubai kubwa wala kushindana. Jopo lile huenda hata lilikuwa na haki, mimi sikuziona picha zote nne. Ninachokataa ni wewe kukaa na mikono mitupu ukingoja kujua wageni watatu wanapenda nini. Ndani ya bahasha hii utakuta kadi niliyoianza: upande wa kushoto kuna mtumbwi wa Pangani niliouchapa kwa soli, na pindo la kanga chini yake, upande wa kulia nimeuacha mtupu. Kata kipande cha mchoro wowote wa majaribio wa zile picha zilizorudi, si turubai yenyewe, nakusihi, ukibandike hapo, au uchore kitu kingine kabisa. Kisha usinirudishie mimi. Mpelekee bibi wa Poland. Anwani yake nimeiandika kwenye kijikaratasi cha buluu, na stempu zinazotosha nimeziweka ndani. Zibandike juu ya bahasha, usizibandike juu ya mtumbwi.

Ni mimi somo yako,
Mwanahawa