Saa mbili usiku, Mheshimiwa Waziri

Mheshimiwa Waziri wa Nishati,

Kila mpango wa kuongeza umeme usiochafua hewa una ukurasa unaopendwa na wapiga picha: ule wa jumla ya megawati. Mimi nakuomba ufungue ule usiopendwa, wa saa moja hadi saa nne usiku.

Hapo watu wamerudi nyumbani, taa zimewaka, na jua limeshazama. Mtambo wa jua wa megawati 100 saa mbili usiku hautoi hata megawati moja. Ukiuhesabu sawa na megawati 100 za jotoardhi, isiyojali mchana wala usiku, tayari umepanga mgao. Sisemi jua liachwe. Bei ya paneli ilishuka kwa takriban asilimia 90 katika muongo wa 2010, na kulikataa leo ni kuchezea fedha za umma. Linunuliwe, ila pamoja na betri, na zabuni zilinganishwe kwa bei ya uniti inayonifikia usiku, si ya uniti ya adhuhuri wakati gridi imeshashiba.

Maji nayo yanadanganya kwa wastani. Zambia, iliyozoea kupata zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kwenye maji, ilipigwa na ukame mwaka 2024, maji ya bwawa lake la Kariba yakashuka, na wananchi wakakaa gizani kwa saa nyingi kila siku. Wataalamu wako waujaribu mpango kwa miaka miwili ya kiangazi inayofuatana, wakikumbuka kwamba mabwawa ya mto mmoja hupungukiwa pamoja.

Nyuklia? Ni safi kweli. Makadirio ya 2014 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, yanaipa gramu 12 za hewa ukaa kwa uniti, tangu ujenzi hadi kubomolewa. Makaa ya mawe, 820. Lakini vinu viwili vipya vya Vogtle, Marekani, vilivyoahidiwa kwa 2016 na 2017, vilianza kazi rasmi 2023 na 2024. Anayeiweka kwenye mpango aandike pia tutawasha nini katika miaka hiyo ya kungoja. (Jibu ambalo huwa haliandikwi ni jenereta za dizeli za kukodi.)

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo zito. Jua, upepo na maji hayanunuliwi kama mafuta. Karibu gharama yote hulipwa mwanzoni, kwa mkopo. Riba ndiyo mafuta yake. Mradi uleule, upepo uleule, huwa rahisi au ghali kwa kadiri ya benki iliyoukopesha. Ndiyo maana makaa ya mawe huonekana nafuu kwenye jedwali lililojazwa riba kubwa, na anayesoma hukumu hajui kwamba kilichohukumiwa ni mkopo.

Basi kabla hujasaini mkataba wowote wa miaka 20, hasa ule wa kulipia umeme hata usipotumika, tuwekee hadharani mambo matatu: mahitaji ya saa kwa saa, mwaka wa ukame mliotumia, na riba mliyokadiria. Faili tayari liko kwenye kompyuta za wizara yako.

Wako,
Mlipa bili